Bajaji ya murabaha: kama hakuna riba, hii milioni 2 na laki 1 na sitini ni nini?

#1 Dereva wa Buza
Wakuu salaam. Nataka kuelimishwa, sitaki ugomvi wa dini.

Nimechukua bajaji kupitia dirisha la Kiislamu (kitengo kisichotoza riba) la benki moja hapa Dar, jina naliacha. Bei ya dukani ilikuwa milioni 9. Nikatoa kianzio milioni 1 na laki 8. Iliyobaki, milioni 7 na laki 2, wakalipa wao, halafu wakaniuzia kwa murabaha, yaani bei waliyonunulia na faida juu yake: nawalipa 390,000 kila mwezi kwa miezi 24. Ukijumlisha ni milioni 9 na laki 3 na elfu 60, yaani ziada ni 2,160,000. Afisa akasema hiyo si riba, ni faida.

Sasa mwenzangu wa kijiweni alichukua mkopo wa kawaida, kiasi hicho hicho, muda huo huo, riba asilimia 17. Analipa kama 356,000. Aliyeingia kwenye riba analipa kidogo kuliko mimi niliyeikimbia. Tofauti ni nini zaidi ya jina? Na kama ipo, mbona inaniumiza mfuko?

#2 Nyundo ya Mwanza
Mkopo ni ule ule, umevishwa kanzu. Lipa tu mkuu.

#3 Talibu wa Ilala
Mkuu #2, hoja yako ina zaidi ya miaka 1,400. Aya ya 275 ya Suratul Baqara inawanukuu watu waliosema "biashara ni kama riba tu", kisha inawajibu kwamba Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara na ameiharamisha riba. Haikusema hesabu zitatofautiana. Mfanyabiashara anaweza kupata faida kubwa kuliko mkopeshaji na ikawa halali, kwa sababu alinunua kitu, kikawa chake, na kama kingeharibika kingeharibikia mikononi mwake. Mkopeshaji ametoa pesa anadai pesa zaidi, hakuna mali anayoibebea hatari.

Mleta mada nijibu hili: benki iliinunua bajaji kabla wewe hujasaini kuinunua kwao? Na kama duka lingeungua usiku ule, hasara ingekuwa ya nani? Hapo ndipo tutajua umenunua au umekopa.

#4 Dereva wa Buza
Shekhe, nilisaini kila kitu meza moja, asubuhi moja. Karatasi ya kwanza inasema mimi ni wakala wa benki, naenda kununua kwa niaba yao. Ya pili naahidi kuinunua kwao. Ya tatu ndiyo mkataba wa mauzo. Nikaambiwa nenda dukani kachague rangi. Kufika, pesa imeshaingia. Saa 8 mchana nilikuwa nayo barabarani.

#5 Binti Makunduchi
Hapo sasa jamani. Umesaini kununua kitu kabla aliyekuuzia hajakimiliki. Mtume amekataza mtu kuuza asichonacho. Karatasi ya uwakala haina tatizo, ya ahadi haina tatizo, ila ya tatu ilitakiwa ingoje mpaka uwapigie simu useme "bajaji yenu nimeshaipokea, hii hapa, namba ya chesesi ni hii". Wao wajibu "tumekuuzia". Hata kama ni nusu saa, hiyo nusu saa ndiyo yenyewe.

#6 Nyundo ya Mwanza
Nusu saa inageuza haramu kuwa halali? Dada yangu, hebu.

#7 Binti Makunduchi
Ndoa inachukua muda gani, Nyundo? Kabla ya ijabu na kabuli (tamko la kuoza na la kukubali) na baada yake wako watu wale wale wamekaa kwenye mkeka ule ule.

#8 Karani Mstaafu
Nimefanya kazi idara ya mikopo miaka mingi, benki ya kawaida na baadaye dirisha la Kiislamu. Naomba nitenganishe mambo mawili, maana mmeyachanganya.

La kwanza ni hesabu. Mleta mada amewekewa asilimia 15 kwa mwaka juu ya mtaji wote wa mwanzo: 7,200,000 mara asilimia 15 mara miaka 2, unapata 2,160,000 kamili. Mwenzake asilimia 17 yake inakokotolewa kwenye salio linalopungua, kila anapolipa riba inashuka. Ukiigeuza 15 ya mleta mada iende kwa mtindo wa mwenzake, inakuwa kama 26 na nusu. Ndiyo maana 15 imezidi 17. Wala hili si la Uislamu, kampuni za mikopo midogo zinafanya hivyo hivyo kila siku. Afisa akikutajia asilimia, swali lako la kwanza liwe: ya mtaji wote au ya salio?

La pili ni kwa nini inakuwa ghali. Benki ya kawaida pesa ikibaki jioni inaikopesha benki nyingine, au inanunua hati fungani za serikali. Ikipungukiwa inakopa, mwisho kabisa inakimbilia Benki Kuu. Yote hayo yanakwenda kwa riba. Benki ya Kiislamu hizo njia imefungiwa, kwa hiyo inakaa na pesa taslimu nyingi isiyozaa, na gharama yake anaibeba mteja. Sukuk, yaani hati fungani za Kiislamu, ndizo zinaanza kupunguza tatizo, kama ile ya KCB Tanzania ya 2022 na ya Serikali ya Zanzibar ya 2025.

#9 Nyundo ya Mwanza
Karani umeongea kitaalamu, asante. Ila jibu moja: hiyo faida ya 15 wanaipata wapi? Si wanachungulia riba ya soko kisha wanaifuata?

#10 Karani Mstaafu
Wanachungulia, ndiyo. Hawana kipimo kingine cha bei ya soko. Tofauti ni kwamba ikishasainiwa haipandi tena. Riba ya yule mwenzake mleta mada inaweza kupandishwa mkataba ukiwa unaendelea, kama kipengele kinaruhusu, na mara nyingi kinaruhusu.

#11 Chuwa wa Mbuyuni
Mimi ni Mlutheri wa Moshi na nina duka la vipuri, niko dirisha la Kiislamu mwaka wa nne. Sikufuata dini, nilifuata hicho alichosema Karani: bei haitembei. Niliwahi kukwama miezi miwili, mzigo ulikaa bandarini. Benki yangu ya zamani ingeweka riba juu ya riba, deni linazaa usiku. Hawa waliniita, wakaniongezea muda, bei ikabaki ile ile. Walinitoza faini ya kuchelewa lakini afisa akanionyesha kwenye mkataba kwamba faini hiyo inakwenda sadaka, si mapato ya benki. Wajuzi thibitisheni.

#12 Talibu wa Ilala
Ni kweli mkuu. Viwango vya AAOIFI, ile taasisi ya Bahrain inayotunga kanuni za uhasibu na sharia kwa benki hizi, vinaruhusu mteja ajifunge kutoa sadaka akichelewesha kwa makusudi, na benki haili hata senti. Aliyekwama kweli ana haki yake kwenye aya ya 280: apewe muda mpaka afarijike. Kinachotuponza ni usimamizi, maana mteja wa kawaida haoni hiyo sadaka imeishia wapi.

#13 Mzee wa Kilindini
Nawasalimu kutoka Mombasa. Naona mnasema kama haya mambo yameanzia kwenu Dar. Kenya benki kamili za Kiislamu zilipata leseni 2007, zikafungua milango 2008: Gulf African na First Community. Hiyo ya pili siku hizi yaitwa Premier, baada ya kununuliwa na Wasomali 2023. Nyinyi Amana mmeipata 2011. Sisi tumezila hizi murabaha mpaka tumezoea.

#14 Kipepeo wa Tanga
Mzee chimbuko ni Dubai, 1975. Kila mtu anajua.

#15 Karani Mstaafu
Dubai Islamic Bank ni 1975 kweli, na mwaka huo huo Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilianza kazi Jidda. Lakini nenda nyuma: 1963, mji wa Mit Ghamr huko Misri, Ahmad El-Naggar alianzisha benki ya akiba ya wakulima isiyotoza riba. Mwaka huo huo Malaysia wakaanza mfuko wa akiba za mahujaji, ambao leo ni Tabung Haji. Zote mbili zilianza na watu wadogo. Dubai ni pesa ya mafuta ilipoingia.

#16 Mzee wa Kilindini
Hapo umenena. Na ndicho kinachoniuma. Ya Mit Ghamr ilikuwa ni mkulima kuweka senti zake na kuazimwa bila ziada. Hizi za sasa ukiingia huna hati ya nyumba wala payslipu, watakuamkia vizuri sana, watakupa kahawa, uende zako. Kitabuni tunasomeshwa mudaraba (mmoja mtaji, mwingine kazi) na musharaka (wote mtaji), watu kugawana faida na hasara. Ofisini ni murabaha, murabaha, murabaha. Kijana ana wazo la biashara, nani ameshawahi kuingia naye musharaka?

#17 Karani Mstaafu
Mzee, nitakwambia la ofisini. Mudaraba na mfanyabiashara wa Kariakoo maana yake benki inagawana faida iliyoandikwa kwenye vitabu vyake. Ana vitabu vitatu: cha TRA, cha mke, na cha kwake mwenyewe. Utagawana kutoka kipi? Hasara ikitokea bila uzembe ni ya mwenye mtaji, yaani benki, na mtaji wenyewe ni amana za watu. Nimekaa kwenye vikao hivyo, kila aliyependekeza musharaka aliulizwa swali hilo hilo na akanyamaza.

#18 Binti Makunduchi
Basi na sisi wenye amana mtuambie ukweli. Nimeweka akaunti ya mudaraba, mgao wa mwezi ulikuwa mdogo kuliko riba wanayopata wenzangu. Nikauliza, nikaambiwa uwiano ni 40 kwa 60, arubaini yangu. Arubaini ya nini? Ya faida ya benki nzima au ya ile pesa yetu tu?

#19 Karani Mstaafu
Ya faida iliyotokana na mfuko wenu wa uwekezaji, kabla benki haijachukua fungu lake. Na uwiano ule sharti uwekwe wazi mwanzoni, asilimia ya faida, si asilimia ya mtaji. Wakikuahidi "utapata 8 ya ulichoweka" hiyo si mudaraba tena.

#20 Kipepeo wa Tanga
Naleta moto kidogo. Al-Azhar ya Misri yenyewe 2002, chini ya Sheikh Tantawi, ilitoa fatwa kwamba mapato yaliyopangwa mapema kutoka benki yanaruhusiwa. Kama Azhar imesema, nyie mnahangaika na namba za chesesi za nini?

#21 Talibu wa Ilala
Ilitoka, na wanazuoni wengi wakaipinga pale pale. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilishaamua Jidda mwaka 1985 kwamba ziada yoyote juu ya mkopo, iwe mwanzoni au kwa kuchelewa, ni riba. Huwezi kuokota fatwa moja kwa sababu imekupendeza.

#22 Kipepeo wa Tanga
Na wewe umeokota ipi shekhe?

#23 Maskati Kwetu
Niko Oman mwaka wa kumi na kitu, kazi yangu ni uhasibu. Hamjagusa tawarruq, na ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya soko la Ghuba. Unataka pesa taslimu, huna bajaji wala nyumba unayonunua. Benki inanunua madini kwenye soko la bidhaa, mara nyingi London, inakuuzia kwa malipo ya muda mrefu, wewe huyaoni, unaipa benki hiyo hiyo uwakala wa kuyauza, pesa inaingia kwenye akaunti yako. Yote kwa dakika chache. Baraza hilo hilo la Fiqhi alilolitaja Talibu liliipinga tawarruq ya kupangwa mwaka 2009. Na huku Oman, walipofungua milango ya benki za Kiislamu, kanuni za Benki Kuu za 2012 ziliipiga marufuku. Nchi za jirani wanaitumia. Kwa hiyo mleta mada, wewe angalau bajaji umeiona.

#24 Nyundo ya Mwanza
Madini yanauzwa mara mbili kabla chai haijapoa na mnaniambia si mkopo. Nimeketi.

#25 Kijiwe cha Mbagala
Nyie wasomi mmeiacha kitu iko mtaani. Boda za mkataba! Tajiri ananunua pikipiki, anakupa, unampa elfu 10 kila siku miezi 14, ikiisha anakukabidhi kadi. Pikipiki milioni 2 na laki 8, wewe umetoa kama milioni 4 na laki 2. Hakuna benki, hakuna fomu. Hiyo dini inaiitaje?

#26 Binti Makunduchi
Inafanana na ijara, yaani ukodishaji, inayoishia umilikini. Swali ni hili: injini ikifa mwezi wa tano, nani anatengeneza?

#27 Kijiwe cha Mbagala
Dereva. Injini, tairi, bima, faini za trafiki, yote dereva. Na ikiibiwa unaendelea kulipa.

#28 Binti Makunduchi
Basi si ijara. Kwenye ijara mwenye mali ni mwenye mali mpaka siku ya mwisho. Matengenezo makubwa na bima ni yake, wewe ni mafuta na uchakavu wa kila siku. Ikiibiwa bila uzembe wako, kodi inasimama. Huyo tajiri wenu amechukua faida ya mwenye mali na hatari akamwachia mpangaji.

#29 Dereva wa Buza
Hapo nimeelewa kuliko kote. Kumbe kipimo ni nani anaumia ikiharibika. Nikiangalia ya kwangu, tangu saa 8 mchana ile ni mimi. Kabla ya hapo kwa karatasi ni benki, ila kwa kweli kulikuwa hakuna "kabla".

Swali la nyongeza: nikitaka kumaliza mapema, mwezi wa 12, watanipunguzia? Afisa anasema bei ya mauzo ni bei ya mauzo.

#30 Karani Mstaafu
Kisheria kasema kweli, umenunua kwa 9,360,000 na hiyo ndiyo deni. Punguzo linaitwa ibra, ni hiari ya muuzaji, na wanazuoni wengi hawataki liwe sharti la mwanzoni. Malaysia benki kuu yao imelazimisha kipengele hicho kiwe ndani ya mikataba. Hapa andika barua. Usiende kwa mdomo, andika barua kwa meneja, taja tarehe utakayomaliza. Wengi wanapata.

#31 Chuwa wa Mbuyuni
Nilipunguziwa mimi. Barua inafanya kazi.

#32 Mdaiwa wa Bodi
Mnaongelea majina. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu walikuwa na asilimia 6 kila mwaka, hawakuiita riba, waliiita tozo ya kulinda thamani. Ilifutwa 2021. Mimi nilikuwa nalipa na deni linanenepa. Serikali ilipoifuta nilishukuru kuliko siku ya mahafali.

#33 Talibu wa Ilala
Mfano mzuri. Jina zuri halibadilishi kitu, kwao wala kwetu.

#34 Nyundo ya Mwanza
Talibu leo tumekubaliana? Piga picha.

#35 Mama wa Kikoba Temeke
Na sisi tuingie. Kikoba chetu kilikuwa kinakopesha kwa asilimia 10 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka tunagawana, wote tunafurahi, isipokuwa waliokopa. Ukiangalia vizuri faida yote imetoka mifukoni mwa akina mama watatu wanne walioshikwa na shida, ada, msiba, mgonjwa. Tulibadilisha. Mkopo wa shida hauna ziada, unarudisha ulichochukua. Mwenye biashara tunamnunulia mzigo: anataka mafuta ya kula madumu 10, mhazini anakwenda sokoni ananunua, yanalala kwake usiku, kesho tunamuuzia kwa bei tuliyokubaliana. Kuna mara madumu mawili yalivuja usiku nyumbani kwa mhazini. Hasara ililiwa na kikoba. Wengine walinuna, wengine wakasema hapo ndipo tumejua tumeuza kweli.

#36 Mzee wa Kilindini
Mama, wewe umeiendesha kuliko hao wenye tai.

#37 Muleba Juu
Salaam kutoka Kagera. Naomba mada iguse wakulima. Huku kuna butura: mtu anakuja mwezi wa njaa, kahawa ikiwa ua, anakupa pesa kidogo, mavuno yakiiva yote ya mtini ni yake. Serikali inaipiga vita miaka na miaka. Sasa nasikia Uislamu una salam, yaani kulipwa kabla ya mavuno. Si butura hiyo hiyo?

#38 Talibu wa Ilala
Si hiyo, na swali lako ni zito. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wanalipana tende za mwaka na miaka miwili mbele. Hakuwakataza. Alisema anayefanya hivyo afanye kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana, na muda unaojulikana. Upande mwingine alikataza kuuza matunda ya mtini kabla hayajaanza kuiva. Butura inaangukia huku kwa pili: ananunua mti, mvua isipokuja hakuna ajuaye nani kapata nini. Salam unauza kilo 300 za kahawa ya maganda ya daraja fulani, kuletwa tarehe fulani, ghala fulani, na pesa yote unapewa siku ya kusaini. Haifungwi kwenye shamba lako wala mti wako. Ukivuna kilo 500, 200 ni zako, kauze mnadani.

#39 Muleba Juu
Nikivuna kilo 100?

#40 Talibu wa Ilala
Anakusubiri msimu ujao au unamrudishia pesa ya kilo 200 zilizopungua kwa bei ile ile uliyopokea. Hakuna nyongeza.

#41 Muleba Juu
Na bei nani anapanga? Maana mwenye pesa mwezi wa njaa ndiye anayepanga. Aliyekuja na butura alinipa chini ya nusu. Mwenye salam akinipa chini ya nusu kwa kilo zilizopimwa vizuri, mimi nimepona nini?

#42 Karani Mstaafu
Hilo ndilo kubwa. Sharia inamtaka aeleze kipimo, haimpangii bei. Kinachoweza kukulinda ni wakulima kuuza pamoja kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, na wanunuzi kuwa wengi. Benki nayo ina kizuizi chake: ikikulipa leo, mwezi wa sita inaletewa kahawa, na benki haina ghala wala mnunuzi. Inabidi iingie salam ya pili na mnunuzi wa mbele, kwa masharti yake yenyewe, isiyotegemea yako. Uganda sheria ilibadilishwa 2016 na benki ya kwanza ya Kiislamu, Salaam, ikapata leseni 2023, na wao wana kahawa nyingi kuliko sisi. Ningeanza kuangalia huko.

#43 Mama wa Kikoba Temeke
Kwani lazima benki? Kikoba chetu kinanunua mchele kutoka Kyela kila msimu. Mwenye ghala ni sisi, mlaji ni sisi. Tukiwalipa wakulima mwezi wa pili badala ya wa sita, hatuhitaji salam ya pili, mchele tutaula wenyewe.

#44 Karani Mstaafu
Mama, gunia ngapi kwa mwaka? Na huyo mkulima mnamjua?

#45 Muleba Juu
Na kahawa je, mnakunywa kilo ngapi huko Temeke? Nijibuni, msimu wa njaa huku umeshaanza na jamaa wa butura jana walipita kwa jirani.